Wevofu: Amri ya Kumrudisha Mgeni Angani

Mliniomba niache kitu kabla sijarudi nyumbani kabisa. Raketi zangu za kuongozea helikopta Furaha amezichukua, jile yangu ya njano, ile fulana ya kazi isiyo na mikono, imeshavaliwa na mtu mwembamba kuliko mimi, basi kilichobaki ni maneno. Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini, kwa sababu mambo hayo hayakunifundisha kitu. Nitaandika juu ya neno moja ambalo ninyi mnalitumia kutwa nzima hapa kiwanjani, hata kwenye mizaha yenu ya chakula, bila kujua lilivyonitesa. Neno lenyewe ni wevofu. Kwa neno hilo nilimkosea mtu aliyenifundisha kazi, na nilikaa miaka mingi bila kumwomba msamaha.

Nilifika kiwanja cha ndege cha Bunia na diploma yangu ya sekondari kutoka Mahagi ndani ya mfuko wa plastiki, nikiamini kwamba mtu ataitaka. Hakuna aliyeitaka. Wanajeshi wa kigeni walikuwa wamekuja na helikopta zao, na walitafuta watu wa hapa wenye macho mazuri, mabega yenye nguvu na Kiingereza kidogo. Kiingereza changu kilikuwa kidogo kuliko walivyotaka, lakini mabega yalikuwepo. Papa Ngabu, ambaye alisimamia watu wote wa kuongoza helikopta kwa mikono, alinitazama kuanzia viatu hadi nywele.

"Weye, unaogopa vumbi?"

"Hapana, Papa."

"Unaogopa bakubwa?"

Nikacheka, nikidhani ni mzaha. "Hapana, Papa."

"Tutaona," akasema, akanipa ufagio.

Ndiyo, ufagio. Kila asubuhi kabla ya helikopta ya kwanza tulipanga mstari, bega kwa bega, tukavuka pisti yote, njia ya kutua ndege, tukiokota mawe, misumari, vifuniko vya chupa na vipande vya plastiki. Upepo wa mapanga ya helikopta hugeuza kijiwe kuwa risasi. Papa Ngabu alikuwa na tabia ya kuficha msumari mmoja mahali fulani kabla hatujaanza, kisha kungoja tufike mwisho wa mstari na kuuliza, "Uko wapi?" Kama hakuna aliyeuokota, tulirudia pisti nzima. Yeye mwenyewe aliuona kutoka hatua ishirini, akiwa amesimama, mikono mfukoni. Kumbukeni hilo la macho yake, nitalirudia. Mimi kilichonibakia ni ugonjwa wa kuinama: hadi leo mke wangu hulalamika kwamba sivuki uwanja wa parokia bila kuokota kitu.

Baada ya miezi kadhaa alinipa raketi, vile vibao viwili vya rangi ya machungwa vyenye mipini. Alinifundisha ishara zote: njoo, sogea kushoto, shuka taratibu, zima mashine. Siku aliyofika kwenye ishara ya mwisho alimwita rubani mmoja aliyekuwa akinywa chai karibu, mtu wa ndevu nyingi ambaye sisi tulimwita Kapteni Ndevu, na mkalimani akaja naye.

Kapteni alieleza hivi. Ishara nyingi za raketi ni ushauri. Rubani akiona vingine, anaweza kufanya vingine. Lakini mbili ni amri: ile ya kusimama hapo hapo, na wevofu. Unainua mikono yote miwili juu ya kichwa, unaipunga ikipishana haraka, tena na tena, na rubani anayekuja kushuka anaacha kushuka. Haulizi sababu. Anavuta mashine juu, anaondoka, anazunguka. Neno ni la Kiingereza, wave-off, na lilitoka baharini, kwenye meli zinazobeba ndege za vita, ambako mtu mmoja husimama ukingoni na vibao kama vyangu, akiangalia ndege inayokuja. Mtu yule anaweza kuwa mdogo wa cheo kuliko kila aliye ndani ya ndege. Haidhuru. Akipunga, kanali naye anarudi angani.

"Na rubani mwenyewe?" nikauliza. "Kama hapendi kushuka?"

Mkalimani akauliza, Kapteni akacheka. Rubani naye anaweza kujipiga wevofu akiona mambo hayakai sawa, na hakuna anayemcheka. Mnara wa kuongozea ndege ukimwambia azunguke tena, hilo ni neno jingine, la ndege za raia. Wevofu ni ya yule aliye chini, aliye karibu, anayeona kile ambacho walio juu hawakioni. Na sheria yake ya mwisho, ambayo Papa Ngabu alinirudishia mara tatu kwa Kiswahili ili isipotee: aliyepiga wevofu kwa kosa haadhibiwi. Asiyepiga ndiye anayeulizwa.

Neno liliingia mdomoni mwetu haraka kuliko dawa. Wiki hiyo hiyo mpishi alimpiga wevofu dereva aliyekuja na sahani mara ya pili. Mwenzetu mmoja alikwenda kupeleka barua ya uchumba, akarudi akasema, "Nilikuwa karibu kushuka, baba yake akanipiga wevofu." Lakini angalieni matumizi. Hatusemi wevofu kwa mtu tunayemchukia. Tukimfukuza mwizi, huyo tumemfukuza tu. Wevofu ni kwa yule unayetaka afike, ila si sasa, si hapa, kwa sababu akishuka ataumia. Ilinichukua miaka kulielewa hilo.

Maana kwetu, na ninyi wengi mnatoka nyumba kama yangu, mgeni hageuzwi mlangoni. Anapewa kiti kabla hajasema jina. Akikukuta unafagia, unaacha ufagio. Mama yangu aliwahi kumkaribisha mtu aliyekosea nyumba, akamlisha, ndipo akamwonyesha njia. Mtu aliyelelewa hivyo unampa vibao viwili na kumwambia: mpungie mgeni arudi. Mazoezini nilipunga vizuri sana. Mazoezini hakukuwa na mgeni.

Siku yenyewe ilikuwa ya kiangazi, wakati vumbi jekundu linapoingia hadi kwenye chai. Kando ya pisti palikuwa na shehena ya kupelekwa kwa waliokimbia makwao upande wa Djugu: magunia, masufuria, na rundo la maturubai, yale tunayoita bashi, yamefunikwa kwa wavu wenye mawe pembeni. Wapakizi walikuwa wamefungua wavu, kisha wakasikia maharage yameiva. Helikopta iliyokuwa ikija ilimleta mkubwa kutoka mji mkuu. Fanfari, bendi ya tarumbeta na ngoma, ilikuwa imejipanga, wasichana walishika maua, na shefu wa kiwanja, mkuu wetu, akiwa na tai, alinisogelea akasema, "Ukumu, leo muzuri, eh? Usituletee aibu."

Papa Ngabu alikuwa nyuma yangu, karibu na mitungi ya kuzimia moto. Rubani alikuwa Kapteni Ndevu. Helikopta ilikuja vizuri, mikono yangu ikiita njoo, njoo. Ndipo nikaona pembe ya bashi la juu ikiinuka na kulala, ikiinuka na kulala, kama mtu anayeamka.

Nilijua. Sitaki mfikiri kwamba sikujua. Nilikuwa na pumzi tatu nzima. Ya kwanza nilisema: labda litatulia. Ya pili nilisikia fanfari ikianza. Ya tatu nilisema moyoni: ashuke kwanza, halafu nitalikimbilia. Mikono yangu ikaendelea kuita njoo.

Bashi liliruka juu ya kichwa changu, likazunguka mara moja hewani kama linatafuta njia, likaingia kwenye mapanga madogo ya mkia. Helikopta iligeuka upande mmoja kama ng'ombe aliyevutwa mkia, ikaanguka ule urefu mdogo uliobaki, gurudumu likavunjika. Hakufa mtu. Nikifika kwenye sentensi hiyo huwa naiandika polepole. Mkubwa alitoka amegonga goti, ngoma kubwa ya fanfari ikapatikana ng'ambo ya barabara, na Kapteni Ndevu akakaa chini kando ya mashine yake, kichwa mikononi.

Siku ya pili maofisa watatu waliweka meza ndani ya hema, wakaniita pamoja na mkalimani.

"Ulipiga wevofu?"

"Nilipiga."

Neno lilitoka jepesi kabisa. Kapteni alikuwa amekaa pale. Alinitazama tu, bila hasira, kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu. Akasema hakuona wevofu yoyote, lakini kama huyu kijana anasema alipiga, basi kosa ni la macho yake. Wakamwita Papa Ngabu.

"Vumbi ilikuwa mingi," akasema. "Sikuona."

Yule aliyeona msumari kutoka hatua ishirini.

Kapteni alisimamishwa kuruka, akaanza kungoja barua ya kumrudisha kwao. Mimi nilidhani nimepona. Asubuhi iliyofuata Papa Ngabu akaniambia, "Kamata raketi." Akanisimamisha katikati ya pisti tupu, mbingu haina hata ndege wa kawaida. "Piga wevofu." Nikapiga. "Ingine." Nikapiga. "Ingine." Mabega yakaanza kuwaka. Mama mmoja aliyekuwa akipita kando ya seng'enge na beseni la sombe, mboga ya majani ya muhogo, kichwani akasimama.

"Eh, Papa! Huyu kijana anafukuza nani? Juu kule hakuna kitu!"

"Anafukuza ile ya juzi, Mama. Alichelewa kidogo."

Wapakizi walicheka hadi wakakaa chini. Mama akacheka akishika beseni. Mimi pia nilicheka, kisha nikaacha, kwa sababu nilielewa kwamba Papa Ngabu aliona kila kitu, na kwamba yeye, mtu ambaye sikuwahi kumsikia akisema uongo hata juu ya umri wake, alikuwa amedanganya mbele ya maofisa ili mimi nisifukuzwe.

Nikavumilia siku mbili. Siku ya tatu nilirudi kwenye lile hema, nikawaambia maofisa: sikupiga. Nilijisikia mwepesi kama gunia lililomwagwa. Sikuwa nimefikiri hatua moja mbele. Kama sikupiga, basi Papa Ngabu alikuwa na kitu cha kuona, na alikiona. Wakamwita tena. Hakunitazama vibaya. Alisema tu, "Niliona. Niliongopa," akavua jile yake mwenyewe kabla hawajamwomba.

Barua ya Kapteni ilichanwa, akarudi kuruka. Kabla hajamaliza muda wake Bunia alinitafuta na mkalimani, akaniambia, "Siku nyingine nirudishe, hata kama nimembeba mama yako." Nikamjibu kwamba mama yangu anaogopa hata baiskeli, hawezi kupanda helikopta. Ndevu zake zikatikisika kwa kicheko. Mimi nilirudishwa kwenye ufagio mwaka mzima, na ilikuwa haki. Lakini Papa Ngabu hakurudi pistini tena. Walimweka kwenye kizuizi cha getini, ainue na kushusha mti kwa magari, hadi siku aliyostaafu. Mtu mwenye macho yale, akisoma namba za magari.

Yeye hakuonekana kuhuzunika. Nikipita alinipigia kelele, "Ukumu! Hapa niko napiga motokari wevofu. Haziruke, lakini zinabisha kupita helikopta!" Nilimletea karanga, ndizi, wakati mwingine samaki kutoka kwetu ziwani. Sentensi moja tu sikumletea. Kila nilipoiandaa, yeye alitangulia na mzaha, na mimi nilishukuru kwa mzaha nikaenda zangu. Kisha akastaafu, akarudi Kpandroma kulima viazi na kabichi. Barabara ikawa ya leo inapitika, kesho haipitiki. Tukabaki na salamu za simu, za afya na mvua.

Nilirudishiwa raketi, na mengine mnayajua, maana wengi wenu niliwafundisha mimi. Niliendelea kuficha msumari. Niliendelea kumwuliza kila mgeni wa kazi kama anaogopa wakubwa. Wote walisema hapana, kama mimi. Furaha peke yake, binti wa Aru, ambaye mama yake ana duka dogo karibu na forodha, alijibu, "Ndiyo, Papa, naogopa sana." Nikamwandika siku hiyo hiyo.

Sasa siku yangu ya mwisho, ambayo wengi wenu mlikuwepo, lakini hamkuona kilichokuwa ndani yangu.

Shefu wa sasa aliniuliza nataka zawadi gani. Nikamwambia sitaki kiti wala saa ya ukutani. Helikopta inayopeleka mizigo Kpandroma hurudi tupu, basi nipewe kiti kimoja cha kumleta Papa Ngabu. Alihangaika na karatasi wiki nyingi, na alizipata. Namshukuru hapa kwa maandishi. Nikaandika ile sentensi kwenye karatasi ili mzaha usinishinde tena, nikaikunja mfukoni: "Papa, nilidanganya, ukadanganya kwa ajili yangu, nikakupotezea kazi uliyoipenda. Unisamehe." Nilikuwa nimeamua kuisoma mbele yenu wote.

Asubuhi wapakizi walisimamisha hema la sherehe kwa miti na bashi, mbali, karibu na ghala. Mimi nikasema hapana. Magoti ya Papa Ngabu si ya kijana, lisogezwe karibu na pisti. Mmoja akauliza, "Papa, siyo karibu sana?" Nikamwambia kwamba nilianza kazi hii kabla hajazaliwa.

Helikopta ikasikika. Upande wa ziwa mvua ilikuwa imesimama nyeusi. Furaha alikuwa na raketi, mimi nyuma yake, pale pale ambapo Papa Ngabu alisimama siku ile. Ikaja vizuri. Ndipo nikaona pembe ya bashi la hema langu imefunguka kamba, ikiinuka na kulala.

Naandika ukweli, kwa sababu bila huo barua hii haina kazi. Baada ya miaka yote hii, mimi niliyewafundisha, nilisema moyoni: ashuke kwanza.

Furaha hakusema kitu moyoni. Mikono yake ilikuwa tayari juu ya kichwa, ikipishana. Helikopta ikainua pua, ikapita juu yetu kwa kelele, na kwenye dirisha nikaona kofia na uso wa Papa Ngabu. Ikazunguka mbali. Mvua ikafika kabla yake. Redio ikasema rubani haoni kiwanja, anakwenda kushuka Aru.

Shefu alikuwa na hotuba mkononi, imeanza kulowa. "Furaha! Unajua nani iko mule ndani?"

"Najua, shefu. Mugeni wa Papa Ukumu."

"Na umemurudisha?"

"Bashi ilikuwa inaruka."

Shefu akatazama bashi, ambalo sasa lilikuwa limeng'oka na kulala juu ya soda zote. Akakunja hotuba. Hakuuliza tena, na hiyo ndiyo sheria. Furaha akanijia, macho chini. "Papa, unisamehe. Najua ulimungojea." Mliniona nikimshika mabega, mkafikiri ni huzuni. Haikuwa huzuni. Nilikuwa nimeona kazi ikifanywa sawasawa.

Tukala wali wenye maji ya mvua. Furaha akampigia mama yake simu, na mama akafunga duka, akaenda kumpokea mzee kiwanjani Aru kama mgeni wake mwenyewe. Jioni simu yangu ikalia.

"Ukumu! Nani alitupiga wevofu?"

"Binti moja, Papa. Furaha. Niko kwenye nyumba ya mama yake... weye ndiye uko kwenye nyumba ya mama yake."

"Mikono yake iko muzuri. Niliiona kwa dirisha. Haikutetemeka hata kidogo. Rubani alikasirika, nikamupiga bega, nikamuambia, furahi, kule chini kuna mutu."

Nikatoa karatasi, nikaisoma yote, kwa sauti ya mtoto anayesoma somo kanisani.

"Umeisoma mu karatasi?"

"Ndiyo, Papa."

"Miaka yote hii, karatasi moja?" Nikasikia akivuta pumzi. "Nilikuuliza siku ya kwanza kama unaogopa bakubwa. Niliona unaongopa, na nikakupa kazi. Ile kosa tulibeba siye wawili. Imeisha, mutoto yangu. Imeisha zamani." Kisha akakohoa kidogo. "Sasa niambie. Ile bashi ilikuwa ya nani?"

Nilifikiri kusema ni ya wapakizi. Nilifikiri hivyo kwa pumzi moja nzima.

"Yangu, Papa. Niliwaambia wasogeze hema karibu ili usitembee mbali."

Alicheka. Alicheka hadi simu ikaanguka, nikasikia kiti kikisukumwa, na mama yake Furaha akaiokota kwa wasiwasi.

"Alo? Huyu muzee wenu iko mugonjwa? Anacheka, na machozi inatoka."

Nikamwambia ni mzima kabisa. Ampe chai nyingine, na barabara ikifunguka nitakwenda kumchukua mwenyewe.